Mashine ya Kisoko Isiyozimwa

Kaka Owori,

Ungenicheka ukiniona hivi. Mtu anayechapa barua za wenzake kutwa nzima, leo ameshika kalamu. Naandika nyuma ya fomu zetu za matangazo ya msiba, zile ulizozipanga upya mara tano mpaka nikakuambia marehemu hana haja na mistari iliyonyooka kiasi hicho. Kibanda changu hapa Busia kimetulia, mvua imewafukuza wateja. Nimeona nikuandikie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ni lumbe lako. Wazee watafungua vitu vyako na kuvigawa, matanga yatakuwa yamekwisha, na mimi nina jambo la kukiri kabla ya siku hiyo.

Tumegusa mashine yako. Mimi na Mama yako, kabla ya lumbe. Nataka ulisikie kwangu mwenyewe, na ulisikie lote, maana nakujua, ukilisikia nusu utakasirika bure.

Kwanza habari za nyumbani. Mama ni mzima, ila goti. Wimbi limevunwa na limeanikwa vizuri. Yule kuku mwekundu aliyekuwa akitagia kwenye boksi lako la nyaya hapo barazani bado anatagia humo humo. Wazee walisema kitu cha marehemu hakiguswi, lakini kuku hakuhudhuria kikao. Mimi niko kama ulivyoniacha, fotokopi na kuchapa, na mdomo. Watu wa hapa bado wananipa pole huku wakikonyezana. Hawakuamini hata siku moja kwamba mwanamke na mwanamume wanaweza kukaa mbele ya kompyuta miaka saba wakizungumza habari za matundu ya programu tu. Nimeacha kuwaeleza. Wakinipa pole naipokea, maana inanistahili.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja kwangu kutoa fotokopi ukiwa umefura kwa hasira. Shangazi yako wa Petta alikuwa amezikwa, na binti zake wawili walioolewa upande huu wa Kenya hawakujua. Tangazo lilisomwa redioni mara mbili, na mara zote mbili wao walikuwa sokoni. Ukaniambia kwa Kiswahili chako cha Tororo, "Nafula, redio nasema mara moja halafu nanyamaza. Mimi nataka kitu nasema siku yote." Nikakusahihisha hapo hapo, kama kawaida yangu. Ukasema nikutolee fotokopi kwanza, Kiswahili kitakukuta njiani.

Ukatengeneza Ukurasa wa Matanga. Tuliupanga kama redio: jina la marehemu, mahali na siku ya maziko, kisha ile orodha ndefu. Habari ziwafikie Nekesa aliyeolewa Bungoma, ziwafikie Ochwo dereva wa malori popote alipo, ziwafikie wakwe wa Masaba. Mimi nilichapa na kubandika kutoka Busia. Wewe ulikaa na seva nyumbani kwako Kisoko, kwenye nyumba yako hatua kumi kutoka jikoni kwa Mama, na antena juu ya paa ikitazama Tororo. Watu wa pande zote mbili za mpaka wakazoea. Mtu akisikia fulani amefariki, kabla ya kulia vizuri anafungua ukurasa kuangalia anazikwa lini.

Mimi ulinipa neno la siri la kubandika matangazo, basi. Kuingia ndani ya mashine yenyewe haikuwezekana ila kwa kukaa mbele yake. Nilinung'unika, nikasema huniamini. Ukanijibu jibu ambalo mpaka leo likinijia nacheka peke yangu mbele ya wateja: "Mlango ya mbali nimefunga. Mtu nataka kuingia, akuje Kisoko akunywe chai ya Mama kwanza."

Na kweli, kila kitu ninachokijua nilikijua na kikombe mkononi. Nilidhani mashine ikiwa yako na nyumba imefungwa kwa kufuli, basi uko salama. Ukanieleza taratibu. Programu inayohudumia kurasa ina kazi moja: mtu anabisha hodi akiomba ukurasa, inampa ukurasa. Lakini imeandikwa na watu, na watu huchoka. Kila mara mtu mahali fulani anagundua kwamba ukiomba ukurasa kwa namna fulani ya kupindapinda, programu inachanganyikiwa, inakupa kisicho chako, au inakuacha uingize chako ndani. Hilo ndilo tundu. Wenye programu wakijulishwa wanatengeneza kiraka na kutangaza. Hapo ndipo mbio zinapoanza, ulisema, kwa sababu tangazo lile lile linasomwa na mwenye nyumba na mwizi pamoja.

Wewe ulikuwa ukisoma orodha ya matundu mapya kama wenzako wanavyosoma matokeo ya mpira. Unatikisa kichwa, unasema, "Eh, hawa wamepatikana," halafu unamega muhogo.

Viraka mashine ilivileta yenyewe, ulikuwa umeipangia. Lakini kiraka kikishafika kinakaa tu kwenye diski. Ile programu ya zamani inaendelea kufanya kazi na tundu lake mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Na kuzima hukuiachia mashine. Ulisema, je, kama dakika hiyo kuna mtu yuko Malaba anatafuta njia ya kwenda kumzika baba yake? Ukaitafuta saa ya wiki ambayo hakuna anayesoma, ukaipata. Jumamosi saa nane mchana. Huku kwetu watu huzikwa Jumamosi, na saa nane jeneza linateremshwa. Simu ziko mifukoni, aliyefika amefika. Basi kila Jumamosi saa nane, kama hukuwa mazikoni wewe mwenyewe, ulizima, ukahesabu mpaka kumi kwa sauti, ukawasha. Nilikuuliza kwa nini kumi, kwa nini si tano. "Tano ni ya watu ya haraka."

Na kile kitambaa! Mama alikishona kwa mkono, cheupe chenye maua ya waridi, akaifunika mashine yako kama anavyofunika redio na kochi. Ukakitoa, ukamweleza kwamba mashine inahitaji hewa. Akasema sawa. Ulipotoka akakirudisha. Miaka saba, Owori. Unakitoa, anakirudisha, na hakuna aliyepandisha sauti.

Halafu ukaugua. Jumatatu ulilalamikia kichwa, Jumanne ulikuwa hospitali, Alhamisi asubuhi Mama alinipigia simu akashindwa kusema. Nilivuka mpaka na sandali za dukani. Alikuwa amekaa kando ya kitanda chako tangu Jumanne, akisikiliza ile mashine ya hewa. Daktari alimweleza kwa upole, na walipoizima alikuwa ameshika mguu wako. Aliniambia hilo mara moja tu. Alisema iliacha kulia, na kimya kile bado kiko masikioni.

Tangazo lako nililichapa mimi. Orodha ya habari ziwafikie ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, na mwisho nikaandika: ziwafikie na Nafula wa Busia, ambaye bado haamini. Sijalitoa mpaka leo. Nikabonyeza, na mashine yako ikalipokea kama ilivyopokea la kila mtu, ikaanza kuwapa waliobisha hodi. Nililia hapo ndipo, si mazikoni. Mazikoni nilikuwa na kazi ya kuwaelekeza watu wa Kenya pa kukaa.

Baada ya maziko wazee walisema yale yanayosemwa. Nyumba yako ifungwe, isipokuwa Mama kufagia. Hakuna kugusa kitu cha marehemu mpaka lumbe, na lumbe mpaka wimbi livunwe. Mama akaongeza lake. Mashine isizimwe. Sola iliyoko juu ya paa inaipa umeme, iachwe hivyo hivyo. Kila mchana akimaliza vyombo alikuwa anavuta mkeka, anakaa mlangoni kwako, anasikiliza feni. Nilimkuta siku moja nikakaa naye. Akaniambia, "Unasikia? Hiyo napumua."

Sikumsahihisha. Na nitakuambia ukweli, Owori, hata mimi ilinifariji. Nilikaa pale nikisikiliza feni na kujidanganya kwamba uko ndani umeinama, sasa hivi utauliza chai iko wapi.

Lakini Jumamosi zilikuwa zinapita. Saa nane ikifika nilikuwa naitazama saa ya ukutani hapa kibandani, kisha najiambia wiki moja si kitu. Wiki moja, na nyingine. Mimi uliyenifundisha. Nilijua kwamba viraka vinakuja vinakaa, na hakuna anayezima. Nilijua kabisa. Nilikuwa naogopa uso wa Mama kuliko mwizi nisiyemjua.

Basi wakaingia.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mama mmoja wa Masaba. Alifungua tangazo la kaka yake, akaoneshwa wasichana wanarusha karata na maandishi ya kamari. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia simu yake ina virusi, ailete nimsafishie. Akaileta, maskini, nikaisafisha, akaenda. Wa pili nikamwambia vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mchungaji, alinionyesha simu akiwa ameigeuza pembeni ili asiione. Ndipo nikafungua mwenyewe kwa simu ya jirani. Tangazo la marehemu likatokea, nikahesabu moja, mbili, likatoweka, karata zikaanza kuruka.

Nilitoa tangazo nikalibandika upya. Likawa zuri saa moja, kisha karata zikarudi. Walikuwa wamelala ndani, Owori. Mimi nilikuwa na ufunguo wa ubao wa matangazo tu, nao walikuwa wanatembea nyuma ya ubao.

Hata hapo sikwenda Kisoko. Nilikuwa natafuta maneno. Kilichonipeleka ni Wandera.

Wandera ni fundi wa kuchomelea, kwao Masaba, anafanya kazi Eldoret. Mama yake alipofariki, dada yake alikuja kwangu, nikachapa, nikaandika vizuri kabisa: ziwafikie Wandera aliye Eldoret. Dada yake akamtumia anwani ya ukurasa, maana kila akimpigia simu haikupatikana. Wandera akafungua, akaona karata. Akadhani ni wale matapeli wanaotuma takataka kwa majina ya ndugu, akaifuta. Alikuja kujua baada ya siku nne, kwa mtu aliyekutana naye stendi.

Alikuja kibandani. Nilijiandaa kutukanwa na nilikuwa na majibu, unanijua. Hakunitukana. Alisimama pale kwenye mashine ya fotokopi na kofia mkononi, akasema, "Dada, mimi sikuja kugombana. Nilitaka tu ujue. Mama yangu nilimkuta udongo umekauka." Akaondoka.

Owori, kile ulichokitengeneza ili yaliyowapata binti za shangazi yako yasiwapate wengine, sasa chenyewe ndicho kilichomfanya mtu asimzike mama yake. Na aliyekaa anakitazama ni mimi. Nilifunga kibanda saa hiyo hiyo nikavuka.

Mama alinipikia chai. Nikaanza kueleza nikaharibu. Nilisema seva, nikasema programu, nikasema kiraka kinahitaji mashine kuzimwa. Alisikia neno moja tu, kuzimwa. Akaweka kikombe chini. "Hapana. Hiyo kitu ya Owori hakuna kugusa. Lumbe bado." Nikamwambia itawaka tena. Akaniuliza, kwa macho yaliyonyooka kabisa, "Wewe naahidi?"

Sikuahidi. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mashine kuukuu iliyokaa miezi bila kuzimwa, ukiizima inaweza kugoma kuamka. Diski inaweza kukataa kuzunguka. Yako ina miaka yake, na kitambaa kilikuwa juu yake tangu uondoke. Ningeweza kudanganya. Sikudanganya, naye akaelewa, akainuka kwenda kuangalia wimbi ambalo halikuhitaji kuangaliwa.

Nilikaa jikoni nimekasirika. Nilikasirikia wezi, nikajikasirikia mimi, na nisamehe, nikakukasirikia hata wewe, kwa kufunga mlango wa mbali na kufa. Mama aliporudi nilikuwa sina tena maneno ya kitaalamu. Nikamwambia tu lililokuwa moyoni. Nikasema, Mama, kuna watu ndani ya nyumba ya Owori. Wanapita kwa tundu, wanapanga na kupangua vitu vyake. Wanaondoa tangazo la mtu, wanaweka karata. Hatuwajui, na wameingia tangu mwezi uliopita.

Akasimama. "Watu wako ndani ya nyumba ya Owori?"

Nikasema ndiyo.

"Nagusa vitu yake?"

Ndiyo, Mama. Kila siku.

"Kabla ya lumbe? Nani alipatia hao ruhusa?"

Sijawahi kumwona vile. Akasema, sisi tuliomzaa, tuliomzika, tunapita mlangoni kwa kunyata, eti watu wasiojulikana wanafungua makabati! Alichukua simu akampigia mzee Othieno, mdogo wa baba yako, akamweleza kwa Kidhopadhola, mbio mbio. Nikasikia mzee upande wa pili anaanza habari za kikao, nani na nani waitwe. Mama akakata. Akaniambia hili ni lake, yeye ndiye aliyekushika kabla ya mtu mwingine yeyote duniani, kama kuna mkono unaoruhusiwa ni wake. Halafu akauliza inafanywa lini. Nikasema Jumamosi saa nane. Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anaijua hiyo saa. Alikuwa akikusikia ukihesabu miaka yote hiyo, kumbe.

Jumamosi nilifika mapema na ile flashi uliyokuwa ukinipa kila mwisho wa mwezi yenye nakala ya ukurasa. Mama alifungua mlango wako. Sitakuficha, harufu yako ilikuwa bado iko, ya risasi ya kulehemu na ile sabuni ya buluu. Shati lako la kazi liko kwenye msumari. Nilikaa kwenye kiti chako na Mama akasimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, akinibana.

Niliangalia kama ulivyonifundisha, bila haraka. Kwanza waliingia mpaka wapi. Na hapa, kaka, nilitamani ungekuwepo nikupige kofi la mgongo. Hawakwenda mbali. Ile programu ya mlangoni ulikuwa umeinyima funguo za vyumba vingine, ikaweza kufika kwenye kurasa za matangazo tu. Wezi walipoipumbaza nao wakaishia hapo hapo. Picha zako, daftari zako, ramani ile ya makaburi ya ukoo uliyokuwa unaichora, hakuna kilichoguswa. Nikamwambia Mama, vyumbani hawakufika. Akasema jina lako, akaongeza neno la kwenu ambalo sikulielewa, na sikumuuliza.

Kisha nikaangalia viraka. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kuvitafuta na kuvipakua, nimeandika hatua kwenye karatasi. Havikuhitaji kutafutwa. Kiraka cha tundu lile walilopitia kilikuwa pale, kimefika wiki ya pili baada ya maziko yako, kabla wao hawajaingia. Mashine ililetewa ikakiweka, ikaandika chini ya kioo kwamba inasubiri kuzimwa na kuwashwa. Ilisubiri miezi. Ulikuwa umeshaziba, Owori. Uliziba ukiwa kaburini, na sisi tuliokupenda tukalinda tundu lisizibwe.

Nilimweleza Mama hivyo hivyo, sikupunguza. Mkono wake ukaondoka begani kwangu. Nilidhani nimemuumiza.

Nikafuta takataka zao, nikarudisha kurasa kutoka kwenye flashi, nikaongeza matangazo yaliyokuja baadaye, la mama yake Wandera likiwemo. Saa nane ikafika. Nikaandika amri ya kuzima, nikamwachia Mama kitufe. Alikifuta kidole kwenye kanga kwanza, kama anataka kushika mtoto mchanga. Akabonyeza.

Feni ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nikamsikia kuku barazani. Nikasikia mbali huko ng'ambo ya bonde wanaimba, walikuwa wanamzika mtu. Mama alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, nami nikajua tuko wapi, tuko hospitali kando ya kitanda. Nikataka kuwasha hapo hapo. Yeye akaanza kuhesabu. Kwa lugha yenu, kwa sauti, kama wewe, bila kuruka hata moja. Alipofika saba sauti ilikatika. Akairudia saba, akaendelea. Kumi. Akabonyeza.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Nitasema kweli, niliomba Mungu kwa jina lako. Kisha ikagonga mara moja ndani, ikakwaruza, na feni ikaanza kuzunguka.

Mama aliisikiliza mpaka ikatulia kwenye mlio wake wa kila siku. Akasema, polepole, "Kumbe ni feni."

Akaketi kitandani kwako akalia. Alikuwa hajalia, Owori. Tangu hospitali, mazikoni, miezi yote ya mkeka mlangoni, hakuwa amelia hata siku moja, na sote tulikuwa tunasema ana moyo wa chuma. Nilimshika akalia mpaka kanga ikalowa. Alipomaliza alipenga kamasi, akainuka, akakichukua kile kitambaa cha waridi kutoka juu ya mashine, akakikung'uta vumbi, akakikunja mara nne, akaenda nacho jikoni. Hajakirudisha. Umeshinda, kaka. Miaka saba na miezi.

Karata hazijarudi tena. Nilimpigia Wandera nikamwomba afungue. Nilijua haisaidii kitu, mama yake ameshazikwa, lakini nilitaka aone kwamba aliitwa. Alisoma nikiwa bado kwenye simu. Kisha akasema, "Ni kweli. Jina langu liko." Akashukuru. Mimi nilitaka kumwambia asinishukuru, nikashindwa, nikamwambia nilichelewa kwa sababu ya woga, na anisamehe. Akasema atajaribu. Nimeridhika na hilo.

Tangu siku ile Mama huzima mwenyewe. Jumamosi saa saba na nusu ananibipu, nami nampigia, naangalia kutoka huku kama kuna tangazo linalosubiri, namwambia tayari. Anaacha simu wazi juu ya meza nisikie anavyohesabu. Amejifunza kusoma yale maandishi ya chini ya kioo, na wiki iliyopita aliniambia kwa majivuno, "Leo viraka tatu nasubiri." Mlangoni hakai tena. Mkeka ameuhamishia kwenye wimbi.

Sasa mzee Othieno amesikia, na keshokutwa mbele ya ukoo wote ataniuliza mimi, mwanamke wa Kenya, nilipata wapi ubavu wa kugusa vitu vya marehemu. Mama amesema nikae nyuma yake ninyamaze, atajibu yeye. Kunyamaza sitaweza, lakini nitakaa nyuma. Shati lako atapewa atakayepewa, na baiskeli, na redio. Mashine Mama amekwisha kusema haigawiwi. Inabaki Kisoko, na atakayeitaka aje anywe chai.

Nimekumiss, Owori. Sina neno jingine zuri zaidi. Nakosa mtu wa kumsahihisha. Nakosa mtu wa kunikatalia ufunguo na kunimegea muhogo papo hapo.

Ninakuahidi hivi. Sitaacha tena nyumba yako wazi kwa kisingizio cha kukuheshimu. Nitasoma orodha ya matundu kila wiki, na nitakwenda nikiogopa. Tangazo lako nitalitoa kwenye ukurasa wa mbele baada ya lumbe, nitalihamishia kwenye kabati la zamani pamoja na wengine, na hilo nitalifanya kwa mkono wangu.

Lala salama, kaka yangu. Keshokutwa saa nane wote tutakuwa uani kwako, waliokuja kutoka pande zote mbili, simu mifukoni. Mama atatoka kwenye kikao kidogo, na mimi nitamfuata. Ukisikia kimya, usiogope. Hesabu mpaka kumi.

Nafula